Kuku wa Mkwe

Nilifunika sufuria ya kuku kwa sufuria nyingine, nikaiweka chini ipoe kidogo. Zikashikana. Nilivuta, binti yangu Felistus akavuta, nikazigonga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Nikazitukana pia.

Mwenye mikono ya kuzifungua alikuwa amekaa barazani: mume wa Felistus, Okanya, fundi wa kiwanda cha simiti Tororo. Lakini kwetu Buhehe mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hagusi vyombo vyake vya kupikia.

Felistus alimpelekea ugali na mrenda wa jana. Okanya alikula, akashukuru, akapanda baiskeli kuwahi zamu.

Kwa hasira nilizirudisha sufuria motoni. Zikaachana zenyewe kabla vumbi la baiskeli yake halijatua.