Mchezo wa Kandambili

Mshonaji aliingia ofisi ya bima akiwa amejiandaa kwa jambo moja tu: kuapa kwamba mbwa wake hana ukali. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno yake, midomo ikicheza, mpaka watu wakamgeukia. Akishindwa hapo, mkono wa wifi yake, ulioumwa na mbwa huyo, umekwisha, na hapo hakuna kutia chumvi. Daktari alisema kano za vidole vitatu zimekatika, na zisipounganishwa ndani ya wiki tatu zitasinyaa, vidole visikunje tena. Foleni ya upasuaji wa bure ilikuwa ya miezi. Hospitali ya kulipia ilikuwa radhi kumpokea hata kesho, ila ilitaka kwanza barua ya bima. Leo ilikuwa siku ya kumi na saba. Na wifi mwenyewe ni msusi, jamani. Msusi bila vidole vya kulia atamsuka nani?

Bima yenyewe ilikuwa ya nyumba. Aliikata marehemu mumewe, mtu aliyeogopa kila kitu, moto, mafuriko, wezi, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha madhara ambayo mnyama wa nyumbani anaweza kumfanyia mgeni. Mke na dada mtu walimtania sana kwa kifungu hicho, kwa sababu mbwa wao alikuwa akikimbia hata sauti ya cherehani. Mume akafa, mke akaendelea kulipia kila mwaka kwa sababu tu marehemu ndiye aliyeianza.

Ofisa wa madai alikuwa kijana wa miwani, mpole, aliyemwita mama na kumvutia kiti. Upole ule ulimkosesha raha mshonaji kuliko kama angefokewa. Kijana hakuuliza mengi. Aliigeuza skrini ya kompyuta yake, na pale palikuwa na ukurasa wa mbwa.

Maana mbwa yule alikuwa maarufu, tusifichane. Watu elfu arobaini walimfuata mtandaoni na kumwita Afande. Kila Jumamosi mshonaji aliweka kandambili kizingitini, akaegemeza simu kwenye rafu ya nyuzi, kisha akanyoosha mkono kana kwamba anataka kuiokota. Afande alikunja pua, akatoa meno yote nje, akaurukia mkono na kufunga taya hewani, kach! Huko mtandaoni watu walivunjika mbavu. Wateja wa magauni walikuwa wakija kwa ajili ya kumwona yeye, na mshonaji, mjane aliyekuwa amesahaulika na kila mtu, akawa anasalimiwa na watu asiowajua. Ilimnogea. Nani isingemnogea?

Ofisa akashuka chini kwenye maoni, akaomba msamaha, akasoma. Wifi alikuwa ameandika: "Huyu siku moja ataning'ata mimi. Mfunge, wifi." Na chini yake lilikuwepo jibu la mshonaji: "Akikung'ata ujue umemkosea adabu." Siku wanayaandika hayo walikuwa wamekaa kitanda kimoja, bega kwa bega, kila mmoja na simu yake, wakisukumana kwa kicheko. Skrini haikuonyesha kitanda wala kicheko. Ilionyesha mtu anayeonya na mtu asiyejali.

Ofisa akaeleza kwamba fomu ya bima inauliza kama mbwa amewahi kuonyesha dalili ya kung'ata, na kila mwaka mama ameandika hapana. Huku zipo video zaidi ya sitini, na majeruhi mwenyewe alionya mbele za watu. Wakubwa wake wanaona mama alijua na akaficha.

Mshonaji akasema ule ni mchezo. Ofisa akajibu kwamba wenye mbwa wote husema hivyo. Mshonaji akaona anaachwa nje mlango ukifungwa, akapiga moyo konde na kumwaga lile ambalo hakuwahi kumwambia kiumbe. Ni nyama. Kila simu ikizimwa, Afande hupewa kipande cha nyama. Alianza kumpa kwa kunguruma tu, halafu kwa kutoa meno, halafu kwa kuruka, na ilimchukua wiki tatu kumfikisha pale. Mbwa hana ukali hata chembe. Siku ile wifi alikuja kupima gauni, na alipokuwa anatoka akainama kizingitini kuchukua kandambili zake. Mbwa alidhani ni Jumamosi. Mkono wa wifi haukuujua mchezo, ukaingia katikati ya meno.

Kijana akaacha kuandika.

"Kwa hiyo ulimfundisha," alisema.

"Nilimfundisha mchezo, mwanangu."

"Ulimfundisha kurukia mkono unaogusa kandambili mlangoni."

Hakusema kwa ubaya. Alimweleza taratibu, kama mtu anayesoma dozi ya dawa: mbwa akiwa mkali, mama alidanganya kwenye fomu, na asipokuwa mkali, basi alifundishwa na mwenye mbwa, na bima hailipi madhara ambayo mwenyewe umeyaandaa. Mshonaji akajaribu kurudi nyuma, akasema labda hakumfundisha, labda mbwa alijifunza tu mwenyewe, na masikio yake yakasikia anavyobabaika. Akaomba. Akasema wamwandike mhalifu, wamfunge wakitaka, lakini barua ya hospitali waitoe, mkono ule haujamkosea mtu. Kijana akavua miwani na kuifuta. Akasema watoto wake wanampenda sana Afande, hawakosi Jumamosi hata moja. Alikuwa anamfariji, maskini. Kisha akamsogezea maelezo yake atie sahihi, na mshonaji akatia, kwa sababu kila neno lililoandikwa pale lilikuwa la kweli.

Kwa wifi alifika mchana. Alimkuta kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji na kulazwa juu ya mto, mbele yake kile kichwa cha plastiki cha kufundishia usukaji. Alikuwa anajaribu kugawa nywele kwa mkono wa kushoto, na mistari ilikuwa inakwenda mrama. Siku zote hizo wifi hakutaka kusikia neno baya juu ya mshonaji wala mbwa. Aliwaambia daktari na majirani kwamba bila shaka alimkanyaga mkia, kosa ni lake, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Na mshonaji alikaa kimya akamwacha aseme. Siku kumi na saba!

Sasa akasema yote. Alisimulia kama alivyosimulia ofisini, nyama, wiki tatu, kizingiti, akamalizia kwamba bima imekataa. Wifi alisikiliza bila kumkatiza. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake.

"Nilimwona," akasema mwishowe. "Aliponiachia alikaa chini akakutazama wewe. Nikasema moyoni, maskini mbwa, anaomba msamaha."

"Alikuwa anangoja nyama, wifi."

"Ukampa?"

"Hapana."

Wifi akatikisa kichwa kidogo, kana kwamba hilo ndilo pekee alilotaka kulijua. Akainuka, akaenda mlangoni kumtoa mgeni wake. Kwa mazoea mkono wa kulia ukatangulia. Bandeji ikagota kitasa, ikateleza, na wifi akakata pumzi kwa maumivu. Mshonaji akanyoosha wake amsaidie. Wifi akaurudisha mkono kifuani, akageuka ukutani.

"Fungua mwenyewe," alisema.

Mshonaji akafungua, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.