Koti la Everard

Jenerali Septimus Thorold alirudi nyumbani Cheltenham, Uingereza, na medali za kutosha kumzamisha mtu, lakini mkewe Honoria hakuzitupia hata jicho. Alisubiri masanduku yashushwe. Mtoto wao wa pekee, Luteni Everard, alifia vitani Punjab, India, chini ya amri ya baba yake mwenyewe, na mama alitaka kitu chochote alichokishika mwanawe. Hata kitana kingemtosha.

Masanduku yakafunguliwa yote. Hakukuwa na kitu.

Jenerali akaeleza, amesimama wima kama anayetoa ripoti. Afisa akifa vitani, vitu vyake hunadiwa kambini, wenzake wakanunua, na fedha zikapelekwa kwa wafiwa. Ndiyo desturi ya jeshi. Vya Everard navyo vilinadiwa mbele ya hema, kuanzia tandiko la farasi hadi soksi.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Honoria akauliza.

"Nilikuwepo."

"Na hukununua hata kimoja?"

"Jenerali akitaja bei, nani atathubutu kutaja ya juu zaidi? Ningekuwa nimejipendelea."

Honoria aliumia mpaka machozi yakamkauka. Ndiye mume aliyempata huyo: haki tupu, toka utosini hadi unyayoni. Mji wenyewe ulijaa wanajeshi, ukirusha jiwe unampiga kanali, na wote walimsifu Jenerali kwa haki yake hiyo. Honoria alizichukia sifa hizo kuliko risasi iliyomuua mwanawe.

Baridi ilipoingia, Kapteni Dacre, aliyekuwa kikosi kimoja na Everard, alikuja kutoa pole. Theluji ilikuwa ikianguka. Honoria alimfungulia mlango, na macho yakamganda kwenye koti la mgeni: la kijivu, kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule ulikuwa wake. Alikishona kifungo hicho asubuhi ya safari ya Everard, uzi mweusi ulipomwishia.

Chai ilinyweka kwa tabu. Wakati wa kuagana, Honoria alishika mkono wa lile koti, asiuachie. Kapteni akaelewa, akaanza kulivua.

"Chukua, mama. Mimi nitapata lingine."

Akalipokea, akazika uso kwenye kola. Lilinuka tumbaku ya mtu mwingine. Hakujali, akalikumbatia.

"Mrudishie," Jenerali akasema taratibu.

"Kanipa mwenyewe."

"Kakupa kwa sababu nimesimama hapa. Mimi ndiye ninayependekeza nani apandishwe cheo. Mrudishie, Honoria."

Honoria alimgeukia Kapteni, akingoja akane. Kijana alitazama sakafu, uso umemwiva.

Basi akamvisha. Akamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, kisha akamwambia mumewe bila kumtazama:

"Ulimwamuru mwanangu aende akafe, akaenda. Kuniombea koti lake ndiko kumekushinda."

Jenerali alikaa kwenye kiti cha ukumbini na kufunika uso kwa viganja, na hakuna aliyemwendea.

Kapteni akatoka. Honoria alibaki mlangoni, theluji ikimwingia nyweleni, akilitazama koti likienda zake. Kwa nyuma lilikuwa Everard kabisa, mpaka lilipokata kona.