Kahawa ya Marehemu Cassian

Melkiory, mnunuzi wa kahawa, aliniletea habari yeye mwenyewe, dukani kwangu Omurushaka, huku akipapasa kitenge ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Akajigamba kwamba mwaka huu amepata shamba zuri la kahawa kule Isingiro, misimu miwili mfululizo, kwa butura.

"Isingiro kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa marehemu mzee Cassian. Kijana wake alikuwa na haraka."

Marehemu mzee Cassian ni baba yangu. Huyo kijana mwenye haraka ni kaka yangu Clavery, ana miaka hamsini na moja na kipara. Na butura, kwa asiyeijua, ni kuuza kahawa ingali maua mtini: unapewa hela leo, mnunuzi anakuja kuvuna baadaye, na bei ni ya kutupa. Imepigwa marufuku na watu wanaifanya hivyo hivyo. Lakini hata wanaoifanya huuza kahawa yao. Clavery aliuza ya baba, ambaye hajamaliza miezi mitatu kaburini, na mahakama haijamteua mtu yeyote kusimamia mirathi.

"Alisema ni fungu lake la urithi, analichukua mapema kidogo," Melkiory akaongeza.

Nilimnyang'anya kitenge changu nikamwonyesha mlango.

Mama yetu, Anonciata, anaishi kwenye kibanja kile, nyumba ikiwa katikati ya migomba na kahawa. Ndizi za humo anakula. Kahawa ndiyo inayomnunulia sabuni, chumvi na dawa za presha. Misimu miwili bila kahawa maana yake ni mama kuombaomba kwa majirani akiwa na miaka sabini na minne. Na aliyeuza kahawa leo, kesho atauza ardhi yenyewe. Nilimpigia Clavery simu.

"Usinipigie kelele, Auleria," akasema. "Mimi ndiye omusika."

Hapo alinimaliza. Ni kweli, siku ya kuondoa matanga ukoo ulimkalisha kwenye kigoda cha baba, Tata tunavyomwita, ukamtaja kuwa omusika, yaani mrithi mkuu, na wazee wakapiga makofi. Siku hiyo hiyo kikao cha ukoo kilimpendekeza awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, tukasaini. Nilisaini na mimi, binti pekee kwenye orodha ya wanaume kumi na wanne, na nilijiona nimeheshimiwa kweli kweli. Lakini kupendekezwa si kuteuliwa. Mahakama ndiyo inayoteua, na yeye alishakula.

Nikaenda Mahakama ya Mwanzo nikaweka pingamizi. Niliandika kwamba Clavery hafai na kwamba msimamizi niwe mimi. Tukapangiwa tarehe ya mwezi wa saba. Tatizo ni kwamba kahawa haisubiri tarehe ya mtu. Mwezi wa sita zilikuwa nyekundu tayari, na nikasikia Melkiory anatafuta vibarua.

Nikamuwahi. Nilifunga duka, nikachukua wanawake watano, tukavuna siku nne kuanzia alfajiri. Tukaanika, zikakauka, nikapeleka chama cha msingi magunia sita kwa jina langu. Mama alitutazama tu, akatuletea senene waliokaangwa na maji ya kunywa. Nilimnunulia godoro jipya, nikamlipia dawa, nikalipa na mchapaji wa karatasi za mahakama. Hayo yalimaliza magunia mawili. Hela za manne yaliyobaki niliongezea mtaji, vitenge vya kutoka Bukoba. Ningezirudisha. Nasema hivyo bila aibu, ningezirudisha.

Siku ya kesi Clavery alikuja na suti ya Tata. Suti ya Tata! Hata hiyo haikuwa imegawanywa. Baba mdogo Elipidius, aliyeongoza kikao cha ukoo, alikaa nyuma yake, na Melkiory akakaa karibu na mlango.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza Clavery kama amepokea hela kwa kahawa ya marehemu. Clavery akazunguka weee, mara mila, mara omusika, mwisho akakubali. Nilikuwa nacheka moyoni.

"Na kahawa ya mwezi wa sita imevunwa na nani?" hakimu akauliza.

Clavery akatoa stakabadhi ya chama cha msingi. Sijui aliipata wapi, mshenzi yule. Jina langu lilikuwa juu yake, na magunia sita.

"Ulikuwa umeteuliwa?"

"Hapana, Mheshimiwa, lakini nilikuwa nailinda isi..."

"Hela ziko wapi?"

Nilitaja godoro na dawa. Vitenge sikuvitaja.

Hakimu akafungua muhtasari wa kikao, akasoma majina yote kumi na tano, polepole, kisha akarudia. "Mke wa marehemu yuko hai?"

"Yuko hai," baba mdogo akajibu.

"Mbona hayumo humu? Siku ya kikao alikuwa wapi?"

Baba mdogo akamtazama Clavery, Clavery akanitazama mimi. "Alikuwa jikoni," baba mdogo akasema. "Anamenya ndizi za wageni."

Nilikumbuka. Nilipita pale jikoni nikienda kusaini, nikamwambia aongeze chumvi kwenye maharage. Tulikuwa tunajadili nyumba anayolala, na mimi, ninayejiita mtetezi wake, nilimwagiza chumvi. Nilitamani kumpiga mtu, na safari hii sikujua nianze na nani.

Mama alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe na mwavuli wake. Hakuna aliyemwambia kuwa anaruhusiwa kuingia. Alipoitwa aliingia, akasalimia, akaulizwa kama anaweza kusimamia mali ya mumewe.

"Nimeisimamia miaka hamsini na mbili," akasema. "Sikujua kuna karatasi yake."

Akateuliwa yeye. Melkiory aliruka akidai kahawa yake, akaambiwa aliyemuuzia hakuwa na cha kuuza, amdai huyo huyo. Clavery alitoka bila kuaga.

Jioni ile tulikuwa Isingiro. Mama alikikung'uta vumbi kigoda cha Tata, akakikalia, akamtuma mtu kumwita Clavery, naye akaja amenuna. Mama akanipa daftari.

"Andika. Hela ya Melkiory Clavery atailipa mwenyewe, isiguse kibanja. Akishindwa, itoke kwenye fungu lake."

Niliandika kwa furaha, kalamu ikichana karatasi.

"Sasa andika lako. Magunia sita."

"Mama! Nilivuna kwa ajili yako!"

"Godoro nalilalia. Dawa nimekunywa. Karatasi za mahakama zilinifikisha pale. Toa hayo mawili." Alinitazama, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Vitenge sijavivaa, Auleria. Andika manne."

Clavery akacheka kwa pua. Ningekuwa na mchi mkononi ningemrushia. Siku nne nimevuna, mikono imechubuka, nimegombana na nusu ya ukoo, halafu naandikwa kwenye daftari moja na mwizi! Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia hivyo kwa sababu hakukosea.

Nikaandika: Auleria, magunia manne.

Mama akachukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma taratibu kila mstari. Akalifunga, akalikalia.

"Jumapili baada ya misa niitishieni kikao cha ukoo," akasema. "Nitakuwa hapa. Ndizi Elipidius na wenzake watamenya wenyewe."