Mikanda ya Albano

Projestus alikuwa amepanga picha za harusi juu ya meza ya studio yake pale Temeke, akizisubiri zikauke, alipoona theluji inamwangukia bibi harusi. Ilianguka taratibu, ikatua kwenye kofia ya bwana harusi na kwenye mkeka waliokalia. Theluji aliijua kutokana na kalenda za misheni ya kwao Bukoba. Alichukua kitambaa, akapangusa meza iliyokuwa imeanza kulowa, kisha akaendelea kupunguza kingo za picha kwa mkasi.

Mama wa bibi harusi, Bi Somoe, alipofika aliigeuza picha huku na huku.

"Na hii barafu, ni ya bure?"

"Ya bure, Bi Somoe."

"Basi wamependeza."

Akaitundika sebuleni, akaweka bakuli chini yake.

Picha hizo zilipigwa kwa mikanda ya kamera aliyoileta rafiki yake Albano. Ilikuja imefungwa kwa karatasi ya kijani yenye nyota, na maandishi yaliyosema ni mikanda bora kwa Afrika. Ndani ya karatasi kulikuwa na kopo ambalo maandishi yake yalikuwa yamekwanguliwa. Projestus aliwahi kuuliza ilitengenezwa wapi. Mara ya kwanza Albano alisema Uingereza. Mara ya pili akasema Ubelgiji, na Projestus hakuuliza tena. Albano alikuwa mtu wa Masasi, na wakati wa vita vya Burma walilala hema moja. Projestus alipozidiwa na homa kule msituni, Albano ndiye aliyembeba mgongoni. Mtu wa namna hiyo humwulizi kopo limetoka wapi.

Mwanzoni watu waliifurahia mikanda ile. Nyumba yenye picha ilikuwa na ubaridi mzuri, na wanaume waliotoka kubeba mizigo bandarini walipenda kukaa chini ya picha zao hadi jasho likauke.

Kokuberwa, mke wa Projestus, hakuwa amepigwa picha hata moja. Kila akiitwa alisema ana chungu jikoni. Pasaka ile, baada ya misa, alikubali mwenyewe. Alivaa gauni jeupe lenye kola pana, na kwa kuwa viatu vipya vilimbana, alivivua akasimama peku mbele ya pazia. Albano alikuwapo, kwa sababu alilala kwao tangu jana yake.

"Ndugu yangu, simama na shemeji yako," Projestus alimwambia.

"Aa, shati langu limekatika kifungo," Albano akasema, akasogea pembeni. "Mpige peke yake. Ndiyo atapendeza."

Kokuberwa alicheka, na alikuwa bado anacheka picha ilipopigwa.

Masika hayo alishikwa na homa, akafa. Albano alikuja siku ileile, akachimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa, akalia kuliko ndugu wote.

Hazikupita wiki nyingi, Bi Somoe akarudi studio na picha yake chini ya kwapa.

"Wanangu wameinuka," alisema, akaiweka mezani. Mkeka ulikuwapo, umefunikwa na theluji, lakini hapakuwa na mtu. "Wenyewe wako Mbagala, jana nimekula kwao, wazima kabisa. Ila hapa wameondoka. Ni baridi, si bure."

"Waje niwapige tena," Projestus akasema.

Walikuja wengine pia, na wote akawaambia hivyohivyo. Kisha akafunga studio, akaingia chumbani, akaishusha picha ya mkewe ukutani. Kokuberwa alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amejikumbatia, na mguu mmoja ameukanyaga kwa mwingine.

Projestus aliiweka picha kando ya jiko la mkaa. Theluji ikayeyuka, ikaanguka nyingine. Akaizungushia blanketi. Mchana akaitoa juani, akakaa nayo. "Koku, vumilia," alimwambia kwa Kihaya. Kokuberwa alikuwa anaangalia upande, nje ya picha, kama mtu anayetafuta mlango.

Jumapili Projestus alikwenda Kinondoni kwa Albano. Shemeji yake, Eufrazia, mke wa Albano, alimkaribisha kiti. Ukutani palikuwa na picha aliyoipiga yeye mwenyewe Krismasi iliyopita: Albano, Eufrazia na watoto wao. Wote walikuwa wakavu. Hakuna aliyesogea hata kidogo. Hapo Projestus akakumbuka kwamba siku ile Albano alimpa mkanda mkononi, hauna karatasi, akasema ameshaufungua.

"Mbona hawa hawana baridi?" aliuliza.

Albano aliutazama ukuta. "Eufrazia, hebu tuwekee chai."

Eufrazia alipotoka, Projestus akauliza tena. "Ile mikanda ilitoka wapi?"

"Uingereza."

"Uliniambia Ubelgiji."

"Basi Ubelgiji. Mie nilinunua kwa baharia, naye hakujua. Mie nakwangua kopo, natia karatasi. Nakuapia, ilikotoka sikujui."

"Lakini ulijua isiwaguse wanao."

Albano alijishika shingo. "Nilijipiga mwenyewe kwanza, kuijaribu. Sikumaliza mwezi pichani."

"Na Pasaka ulijua. Ukasogea pembeni."

"Shati langu..."

"Shati lilikuwa na vifungo vyote. Koku ndiye aliyekupigia pasi asubuhi ile."

Nje Eufrazia alikuwa akipepea moto.

"Sikujua kama atakufa," Albano akasema. "Nilidhani utampiga tena siku nyingine, ndugu yangu. Sikujua."

Chai ikaja. Projestus aliinywa yote, kwa kuwa Eufrazia hakuwa na kosa, akaaga.

Alipofika nyumbani, Kokuberwa alikuwa ameshaondoka. Zilibaki nyayo za miguu mitupu, zikitoka mbele ya pazia kwenda upande wa kushoto. Projestus aliirudisha picha ukutani.

Kesho yake alikwenda polisi. Afande alimsikiliza, akauliza kama picha ilitoka vizuri.

"Ilitoka vizuri."

"Na mtu alionekana?"

"Alionekana. Kisha akaondoka."

"Mtu akiondoka kwa miguu yake, bwana, mie nimshtaki nani?"

Projestus aliacha kuitumia mikanda ile, akawaeleza wapiga picha wenzake wa Ilala na Magomeni. Walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea kuinunua, maana ilikuwa rahisi na wateja waliupenda ule ubaridi. Albano hakushtakiwa wala hakufilisika. Alifungua duka Kariakoo. Baada ya kugundua kwamba aliyepigwa picha akiwa na koti zito hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka, akaanza kuuza na makoti ya sufu. Yalikuwa makoti ya jeshi, yamepakwa rangi. Hayakuuzwa kokote isipokuwa kwake.

Projestus alipita mbele ya duka lile mara nyingi bila kugeuza shingo. Siku moja akaingia.

Albano alimwona, akawaacha wateja wengine. Hakuuliza chochote. Alipanda juu ya kasha, akashusha koti la kike, akalikung'uta vumbi na kulikunja vizuri.

"Chukua, ndugu yangu. Hili sikuuzii."

Projestus aliweka pesa mezani, akalitia koti kwapani, akatoka. Alikuwa amekwenda kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na Albano alilijua hilo pia.

Nyumbani alipiga msumari ukutani, upande wa kushoto wa picha, akalitundika koti likiwa limefunguliwa vifungo. Theluji ilikuwa imeanza kufunika nyayo. Alifagia ile iliyoanguka sakafuni, akaurudishia mlango bila kuufunga, akatoka kwenda kumpiga picha mteja aliyekuwa akimsubiri uani, amevaa koti hadi shingoni ingawa aliambiwa mkanda wa hapa hauna theluji, anatiririka jasho.