Chungwa Zima Kooni mwa Bibi Harusi

Wanaonijua huyagawanya maneno yangu kwa mbili kabla ya kuyaamini. Haya msiyagawanye.

Msimu wa machungwa shambani kwetu una sheria moja, na aliyeitunga ni mke wangu: yanayoanguka ni ya mifugo, ila kila moja lipasuliwe vipande vinne kwanza. Asubuhi ile kisu kilikuwa butu, nami mvivu wa kuzaliwa. Nikayamwaga horini mazima mazima. Aliponiuliza, nikajibu, "Nimekata mpaka vidole vinanuka chungwa."

Haikupita nusu saa, akaniita kwa sauti niliyoisikia mara moja tu, siku ya kuwazaa pacha wetu.

Bibi Harusi, ng'ombe wetu pekee, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amenyoosha shingo kama anayechungulia juu ya ukuta. Mate yalimtoka kamba kwa kamba. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, ukiugonga unalia kama ngoma. Macho, hapo siku nyingine ningesema yalikuwa kama sahani. Yalikuwa macho tu, lakini yalinitazama mimi.

Mke wangu alikuwa ameshampigia daktari wa mifugo, simu kaiweka spika.

"Niko mbali, saa mbili nzima kufika. Amekula tunda zima?"

"Hapana, daktari. Baba Pacha kayakata mwenyewe."

"Mna hakika?"

Akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ni gesi ya majani mabichi. Mnywesheni mafuta ya kula, nusu lita. Lakini kama kuna kitu kooni, msithubutu! Mafuta yataingia mapafuni, mtampoteza yeye na ndama."

Akakimbilia jikoni, akarudi na chupa. Akamshika Bibi Harusi taya. Akainua chupa.

"Usimimine!"

"Nini tena?"

"Mama Pacha, sikuyakata. Hata moja."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Aliweka chupa chini, akanikunjia mkono wa shati hadi begani.

"Ingiza."

"Vuta ulimi wake pembeni, asikung'ate!" daktari akapaza sauti simuni.

Nikauvuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukazama hadi kiwiko. Mle ndani mna joto la tanuri, na magego yalinipima mkono kama fundi cherehani. Mama Pacha akawa anasukuma kwa nje, kutoka chini ya shingo kuja juu. Vidole vikagusa kitu cha mviringo. Kikateleza. Nikakigusa tena, kikateleza tena. Magoti ya Bibi Harusi yakaanza kukunjika.

"Akianguka, basi tena," daktari akasema.

Nikachomeka kucha kwenye ganda, nikavuta.

Likatoka, likifuatwa na upepo wenye harufu ya wiki nzima ya majani. Nikaketi palepale kwenye samadi, chungwa mkononi.

"Asipocheua bado msishangilie," daktari akasema. "Huenda kuna jingine."

Mke wangu akachungulia hori. "Yamebaki matano. Uliweka mangapi?"

Maisha yangu yote nimejibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Sasa nilitaka kusema kweli, na kweli yenyewe sikuwa nayo.

"Sikuhesabu."

Akaweka kiganja upande mmoja wa shingo ya Bibi Harusi, mimi nikaweka changu upande wa pili. Tukasubiri acheue.