Mgeni Kwenye Karatasi ya Kung'aa

Haya nilisimuliwa na fundi wa printa mwezi uliopita, siku nilipompelekea redio yangu iliyokuwa inakoroma. Alisema huku anakaza skrubu, bila kuniangalia, na mtu anayesema bila kukuangalia hana haja ya kukudanganya.

Nyumba yenyewe ni ya mama mmoja mzee aliyeanza kusahau. Alianza na miwani, akaja kwenye siku za wiki, akamalizia na watoto. Daktari akashauri picha za familia zitundikwe mbele ya kiti chake, azione kila siku. Ushauri ukafanya kazi, tena kupita kiasi. Mama akawa akimaliza chai anasoma ukuta kama mwalimu anayeita majina: huyu mkubwa wangu, huyu mkewe, huyu wa pili yuko mbali, huyu marehemu baba yao. Aliyekuwa ukutani alikuwa wa kwake. Asiyekuwa ukutani alikuwa mgeni.

Mgeni alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyempikia uji na kumwogesha. Ni binti yake wa mwisho, kitindamimba, wakazoea kumwita Kitinda, na hapo ana miaka hamsini na miwili. Picha zote za familia alizipiga yeye. "Wewe una mkono uliotulia," walimwambia kwa miaka thelathini, kisha wakajipanga. Mwenye mkono uliotulia hatokei kwenye picha.

"Karibu mgeni," Mama alimwambia kila asubuhi. "Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, Mama," Kitinda alijibu, akamfunga kitambaa shingoni ili uji usimchafue.

Jua la dirishani likaanza kuzifuta zile picha. Kaka mkubwa akaamua inunuliwe printa ya nyumbani. Huyu walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao cha familia ambacho hakukiendesha, hata cha watu wawili. Alikwenda dukani mara nne. Muuzaji, mtu wa subira, akamweleza kwamba kwa picha atafute mashine yenye wino wa kila rangi peke yake, rangi moja ikiisha ajaze hiyo tu. Aulize bei ya wino kabla ya bei ya mashine. Aangalie kama inakubali karatasi nene ya kung'aa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mtihani alioutunga mwenyewe. Kisha akatoa futi mfukoni, akapima mashine zote, akachukua ile iliyoenea kwenye kitambaa cha kufunikia ambacho mkewe alishakifuma. Ikatokea kuwa nzuri. Bahati inawapenda watu wa namna hiyo.

Masharti ya kuitunza aliyaandika vizuri sana. Kila wiki ichape walau picha moja ya rangi, la sivyo wino utakauka kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia. Isizimwe kwa swichi ya ukutani. Izimwe kwa kitufe chake, kichwa kirudi mahali pake kijifunike. Karatasi ishikwe pembeni. Picha iachwe ikauke. Juu ya masharti hayo akaandika: Majukumu ya Kitinda.

Na kwa kuwa mashine haitaki jua wala vumbi, ilipewa chumba cha Kitinda. Kitinda akahamishia godoro lake kwenye korido, ambako vyote viwili vilikuwepo vya kutosha.

Jumapili ya kwanza akachapa upya picha ya arusi ya Mwenyekiti. Karatasi ikatoka taratibu, na nyuma ya bibi arusi alikuwa amesimama Kitinda, na lile gauni lake la manjano la siku ile, kamera shingoni. Akaiangalia. Akaiacha ikauke, kama ilivyoandikwa. Jumapili ya pili alikuwa kwenye mahafali. Ya tatu, kando ya kiti cha marehemu baba yake, mkono begani kwake. Zote akazitia kwenye bahasha.

Jumapili ya nne akaitoa ile ya arusi, akawa anatafuta msumari. Mwenyekiti akamkuta.

"Siku ile hukuwa kwenye picha," akasema.

"Nilikuwepo, Kaka. Nilikuwa mbele yenu."

"Mbele yetu si kwenye picha."

Ndipo fundi akaitwa, Jumapili hiyo hiyo. Akachapa karatasi ya majaribio, mistari ikatoka yote mizima. Mwenyekiti akataka kichwa kisafishwe. Kikasafishwa, arusi ikachapwa tena, na Kitinda akawa amesogea hatua moja mbele. Kikasafishwa mara ya pili. Safari hii alisimama katikati ya bwana na bibi arusi, na bega lake limeziba tai. Fundi akaonya kwamba kusafisha kunakunywa wino, na kwamba wakiendelea, bwana arusi naye huenda asionekane.

"Mashine haina ubovu," akasema. "Inachapa waliokuwepo."

Wifi mtu, mkewe Mwenyekiti, akasema manjano yametoka vizuri, hilo alikubali. Mwenyekiti hakushangaa, alikereka tu kwamba mtu ametokea bila kikao. Kikaitishwa hapo hapo. Ikaamuliwa kwamba printa iendelee kuchapa inavyopenda, halafu Kitinda akatwe kwa mkasi. Mkasi akapewa Kitinda mwenyewe, kwa sababu ya ule mkono wake.

Akaushika. "Nitakata zote," akasema. "Niachieni moja, Kaka. Mama anijue kabla hajaondoka."

Mwenyekiti si katili. Yeye mwenyewe huwa anasema hivyo. Akaruhusu moja, ile ya kwanza, itundikwe chini kabisa, karibu na mlango.

Wakala chakula cha mchana, Kitinda akipakua. Baadaye Mama akageuzwa kwenye kiti chake, akasoma ukuta. Huyu mkubwa wangu. Huyu mkewe. Huyu wa pili. Akafika chini, karibu na mlango, akakaza macho. Kitinda alikuwa ameshika sahani chafu, hakuzitua.

"Mgeni," Mama akasema. "Kumbe tangu arusini anatuhudumia." Akaitazama tena, kwa muda mrefu. "Kuna aliyemwuliza kama amekula?"

Mwenyekiti akatazama saa. Mkewe akanyoosha kitambaa cha printa ambacho hakikuwa kimepinda. Fundi akakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Bado, Mama," Kitinda akasema.

"Basi kaa, mgeni. Usione haya." Kisha kidevu cha Mama kikashuka kifuani, akalala.

Mwenyekiti akakumbusha kwamba zile za kusafishia hazihesabiki, na picha ya wiki bado. Akaenda kujinyoosha, na mkewe nyuma yake. Fundi akakusanya vyombo vyake polepole kuliko kawaida, na haya ya mwisho aliyaona akiwa mlangoni.

Kitinda alichapa picha moja. Akajikata kutoka humo, kwa uangalifu, mpaka kwenye ncha za vidole. Akaizima mashine kwa kitufe chake, akangoja kichwa kirudi mahali pake na kujifunika. Akaitandikia kitambaa chake, akakinyoosha pembe zote nne. Kisha akaenda kwenye korido, akajilaza juu ya godoro bila shuka, akalala.