Chupa Moja ya Etha

Kwa miaka kumi na mmoja Mwavita aliuguza wanawake katika wodi kubwa ya hospitali mjini Kindu. Aliwaosha, aliwasuka nywele waliolala muda mrefu, aliwauliza habari za mashamba yao. Siku muuguzi wa chumba cha upasuaji alipopanda treni kwenda Lubumbashi asirudi, daktari mkuu alimwita ofisini, akamtaja kwa Kifaransa kuwa raia, kama serikali ilivyoagiza siku zile. "Sitwayeni Mwavita, kuanzia leo utafanya kazi na Dokta Okito."

Kazi aliishika kwa miezi mitatu: majina ya mikasi na koleo, kuosha glavu zilizokwisha kuvaliwa na kuzipaka poda zivaliwe tena, kuhesabu vitambaa kabla tumbo halijashonwa. Kilichomshinda ni ukimya. Mtu aliingizwa akiwa na jina lake, na baada ya dakika chache alikuwa kipande cha ngozi katikati ya shuka la kijani. Mwavita hakuwa na wa kuzungumza naye.

Jumanne moja ya mvua alipita wodini kumwona Hawa, muuza samaki wa mtaa wa Mikelenge, ambaye yeye aliwahi kumuuguza homa mwaka uliopita. Safari hii utumbo ulikuwa umejisokota, na kila saa iliyopita iliongeza hatari. Hawa alimshika mkono.

"Mama Mwavita, njo wewe utakuwa mule ndani?"

"Ndiyo, njo mimi."

"Basi siogope."

Walimleta kwa machela hadi mlangoni pa upasuaji. Lakini saa nne treni ya mizigo kutoka Kibombo ilimshusha Hadidja, binti wa miaka kumi na tisa, mtoto amemkwama tumboni siku ya pili. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga.

Dokta Okito alifungua kabati la dawa za kulaza wagonjwa usingizi. Meli ya dawa haikuwa imefika tangu mwezi uliopita.

"Etha iko chupa moja tu," alisema. "Haitoshe matumbo mawili." Alikuwa kijana, miaka miwili tangu atoke shuleni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wewe unawajua wagonjwa, Mama. Tuanze na nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani?"

Mwavita alitazama mlango. Kisha akajiambia kwamba kwa yule binti kuna roho mbili. "Wa Kibombo," alisema.

Mtoto alitoka saa sita, mkubwa, wa rangi ya majivu. Mwavita alimpulizia pumzi kinywani, akamsugua mgongo, akampiga nyayo, mpaka Dokta Okito alipomwambia, "Mama, acha." Hadidja alipona, na chupa ikabaki tupu.

Mwavita alipotoka nje, Hawa alikuwa palepale kwenye machela, midomo imekauka.

"Sasa njo zamu yangu?"

"Bado kidogo," Mwavita alijibu. Akavuta kiti, akakaa, akamlowesha midomo kwa kitambaa. Hawa alimsimulia bei ya samaki, akapotewa na maneno, akayapata tena. Saa kumi alasiri alikata roho akiwa anangoja.

Dada yake, Safi, alikuja na kanga ya kumfunikia. Alimkumbatia Mwavita, akalia begani kwake.

"Asanti, Mama. Walau alikufa karibu na muntu anayemujua."

Mwavita alishika ncha ya pili ya kanga, wakamfunika Hawa pamoja.

Ijumaa meli ilifika na makasha manne ya etha. Mwavita aliyapokea, akatia sahihi, kisha akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu.

"Nirudishe wodini, Dokta. Nakuomba."

"Na vyombo vya upasuaji, nani mwingine anavijua?" Mkubwa hakuinua kichwa. "Jumatatu kuna wagonjwa watatu."

Alirudi kazini. Lakini njia ya kupitia wodini aliiacha. Alizunguka nyuma, kwa wafua nguo, hata mvua ikinyesha, ili wanawake wasimwone wakamwita.